Kadari Si Udhuru: Mas'ala ya Kuhifadhi Afya ya Watu wa Nyumbani

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa yake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Liko neno ambalo husikika sana katika matanga ya watoto wadogo. Mtoto ameharisha usiku mmoja na mchana mmoja, mwili umekauka, amekufa. Watu waja kuhani, na baba yake awaambia: "Ni kadari ya Mungu, siku zake zilikwisha." Neno hili ni la kweli, na mwenye kulikanusha amekanusha nguzo katika nguzo za imani. Lakini neno la kweli laweza kutiwa mahali pasipo pake. Kwani mtungi ulioko uani, ambao mtoto yule alikuwa akinywa maji yake, haukuwa na kifuniko. Kikombe cha kuchotea kilikuwa kikizamishwa ndani pamoja na vidole vya kila achotaye. Mlangoni mwa choo hapakuwa na maji wala sabuni. Na baba yule alikwisha kuambiwa hayo, si mara moja wala mara mbili, na kila alipoambiwa alijibu kwa neno lile lile: kadari.

Basi mas'ala ni haya: Je, mtu aliyepuuza kuhifadhi afya ya watu wa nyumba yake, hali ajua na hali aweza, ana udhuru kwa kushika kadari? Na je, kujikinga na maradhi ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu?

KUJIKINGA NA KUTEGEMEA

Jawabu ni kwamba kutegemea hakupingani na kujikinga, bali kujikinga ni katika kutegemea. Yajulikana khabari ya yule mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kamba na amtegemee Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Mtume hakumwambia kwamba imani yake ni dhaifu kwa kuwa ashika kamba. Alimfundisha kwamba kamba ni kazi ya mja, na hifadhi ni ya Mola wake.

Na iliyo wazi zaidi ni khabari ya Sayyidna Umar. Alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika Sargh akalakiwa na majemadari wa jeshi, wakamwambia kwamba tauni imeingia katika nchi. Hiyo ndiyo tauni iitwayo ya Amwas, iliyoua watu wengi mwaka wa 18 wa Hijra (639). Umar akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na mwisho akaazimu kurudi na watu. Abu Ubaida bin Jarrah, naye ni katika masahaba watukufu, akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba aitoka kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka katika bonde lenye kingo mbili, moja ina majani na moja ni kavu: akilisha penye majani amelisha kwa kadari, na akilisha penye ukavu amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume iliyoafikiana na shauri lile, nayo ni kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni, wala asitoke humo kuikimbia iwapo imemkuta ndani.

Mwenye kuzingatia mfano wa Umar ataona kwamba kadari haiko upande mmoja tu. Mtungi usiofunikwa uko katika kadari, na mtungi uliofunikwa uko katika kadari vile vile. Mtu ameachiwa kuchagua ukingo wa kulisha, na kwa kuchagua kwake ndiko atakakoulizwa.

Tena na atazamwe yule baba asemaye kadari juu ya mtungi, jinsi afanyavyo dukani kwake. Kila jioni hutia kufuli mbili mlangoni, akautikisa mlango, akaenda hatua tatu, akarudi kuutikisa tena. Hapo hasemi kwamba mali iliyoandikiwa kuibiwa itaibiwa tu. Basi ikiwa kufuli haimtoi katika kutegemea, kifuniko cha mtungi kitamtoaje? Hakika mtu huyu hakuishika kadari kwa imani. Ameishika kwa uvivu, na mahali ambapo hasara yake haonekani upesi.

TWAHARA NA USALAMA WA MAJI

Liko kosa jingine, na hili huwapata hata watu wa dini wenye bidii. Mtu hujua sana hukumu za maji ya kutawadhia. Ajua kwamba maji yakipungua kullateni, ambazo ni kama lita 200, huharibika kwa kuingiwa na najisi hata yasipogeuka. Na yakifika kullateni hayaharibiki mpaka yageuke rangi au ladha au harufu. Kwa hiyo hutazama birika ya msikiti, akaona ni kubwa na maji hayakugeuka, akasema: "Maji haya ni twahara." Asema kweli. Kisha akayachota akampa mtoto kunywa, akidhani kwamba kila kilicho twahara ni salama. Hapa amekosea.

Twahara ni hukumu ya ibada, na usalama wa mwili ni jambo jingine. Sumu nyingi za miti ni twahara, na kuzila ni haramu kwa sababu zadhuru. Udongo ni twahara, mtu hutayammamu kwao, na wanavyuoni wameharamisha kuula kwa mwenye kudhurika nao. Kadhalika maji yaweza kuwa safi kwa jicho na twahara kwa udhu, na ndani yake mna vijidudu vya maradhi ambavyo jicho halivioni.

Na fikihi yenyewe haikuacha kuwasikiliza matabibu. Kila aliyesoma vitabu vidogo vya madhehebu ya Imam Shafi'i ameyakuta katika mlango wa kwanza maji yaitwayo mushammas, yaani yaliyopata moto kwa jua. Maji hayo ni twahara na yatwahirisha, lakini imesemwa kuwa ni makuruhu kuyatumia mwilini. Sababu yake si najisi. Ni kuogopa madhara ya ngozi, na Imam Shafi'i mwenyewe alisema hayachukii ila kwa upande wa utabibu. Kisha Imam Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 wa Hijra (1277), akaichunguza mas'ala hiyo katika Majmu'u, akaona kwamba hadithi zake ni dhaifu na kwamba kwa matabibu hakuna lililothibiti juu yake, akaliacha lile karaha. Na ajue msomaji ni nini maana ya haya. Imam alisikiliza utabibu, akachukia. Mfuasi wake akasikiliza utabibu, akaondoa karaha. Njia yao ilikuwa moja, nayo ni kwamba lililothibiti kudhuru huepukwa. Basi vipi leo mtu aitwaye Shafi'i ataambiwa na matabibu wote kwamba maji ya kisima kilicho karibu na shimo la choo yaua watoto, naye akapuuza?

Na hayo yamethibiti kwa muda mrefu sasa. Pwani hii yakijua kipindupindu, au waba, tangu zamani. Katika 1869 na 1870 kiliingia Unguja kikaua watu wengi mno, na tabibu James Christie aliyekuwa akikaa huko akaandika kitabu juu ya maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki, kikapigwa chapa 1876. Kabla ya hapo, mwaka 1854, tabibu John Snow alikwisha kuonyesha katika mji wa London kwamba wengi waliokufa katika mtaa mmoja walikuwa wakinywa maji ya pampu moja. Na katika 1883 na 1884 Robert Koch akakitambua kijidudu chenyewe huko Misri na Uhindi. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka nje ya mji. Alikuwa Muislamu mwenye kuamini kadari, na hakuona kwamba bomba la maji lapingana nayo.

MAMBO YA KUFANYWA NYUMBANI

Mambo yenyewe si mengi wala si mazito, na mengi katika hayo asili yake imo katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.).

La kwanza ni maji. Mtume aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe midomo, na akakataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na kupulizia pumzi ndani ya chombo cha kunywea. Basi maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, yaachwe yapoe hali yamefunikwa, na yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye kifuniko. Yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, ili mkono usiguse maji. Na kata isilazwe chini, bali itundikwe. Wazee wa pwani walikuwa na kata ya kifuu yenye mpini, na hekima yake ilikuwa hii.

Asiyeweza kununua kuni wala mkaa kila siku, iko njia nyingine. Maji maangavu yatiwe katika chupa nyeupe ipenyayo mwanga, isiyo kubwa, yalazwe juani saa 6 kamili, na siku ya mawingu yaachwe siku 2. Mwanga wa jua huviua vijidudu vingi. Wala asiseme mtu kwamba hayo ni mushammas. Kwani waliochukia walishurutisha chombo kiwe cha madini yafuliwayo kwa nyundo, kama shaba na chuma, na maji yatumike mwilini hali yangali moto. Chupa haimo katika hayo, na maji hunywewa yakisha kupoa.

La pili ni mikono. Mtume aliamrisha mwenye kuamka usingizini asitie mkono wake chomboni mpaka auoshe mara tatu, kwa kuwa hajui mkono ulilala wapi. Ikiwa mkono ulalao kitandani una hukumu hii, mkono utokao chooni, au uliomsafisha mtoto mchanga, wastahiki zaidi. Uoshwe kwa sabuni na maji ya kumiminwa, baada ya choo, na kabla ya kupika, na kabla ya kula au kumlisha mtoto. Maji peke yake hayatoshi, kwani sabuni ndiyo iondoayo mafuta na uchafu ulioshika ngozini. Wala lile bakuli moja la kunawia, ambalo watu kumi huingiza mikono kwa zamu, halisafishi. Wa mwisho huchukua uchafu wa tisa.

La tatu ni mbu. Tangu 1897, Ronald Ross alipogundua huko Uhindi kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, haikubaki shaka. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Basi mtoto na mwanamke mwenye mimba ndio wa kwanza kulala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na pindo zake zichomekwe chini ya godoro. Iwapo chandarua ni kimoja, si haki kikawa cha baba. Mbu wa homa ya dengue huuma mchana, naye huzaa katika mapipa, vifuu na makopo yaliyoshika maji ya mvua. Yai huwa mbu kwa muda wa kama wiki moja au mbili. Kwa hiyo kila juma vyombo hivyo vimwagwe na visuguliwe, na wenye nyumba wakichagua asubuhi ya Ijumaa kabla ya kuoga, hawatasahau. Katika majumba ya kale ya Lamu watu walifuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Na huko Makunduchi, Unguja, katika 1988, zilimwagwa chembe nyepesi zieleazo katika mashimo ya vyoo yenye maji, ili mbu waenezao matende wasipate kuzaa humo. Na pamoja na dawa waliyopewa watu, mbu na maradhi vikapungua sana.

La nne ni moto wa usiku. Mtume aliamrisha taa na moto vizimwe wakati wa kulala, na nyumba moja ilipoungua Madina usiku pamoja na watu wake, aliutaja moto kuwa ni adui. Leo imejulikana jambo la zaidi: jiko la mkaa likiwekwa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Basi jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata ikiwa ni msimu wa baridi na mvua. Na mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, kwani mtoto huinywa akidhani ni kinywaji.

Na mtoto akisha kuharisha, asinyimwe maji kwa kudhaniwa kwamba maji yazidisha. Apewe chumvi za kurudisha maji mwilini zipatikanazo hospitali na madukani. Na zikikosekana, katika lita 1 ya maji safi vitiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anyweshwe kidogo kidogo, na mwenye kunyonya asiachishwe ziwa. Akiingia macho, au akalegea, au akashindwa kunywa, apelekwe kwa tabibu saa ile ile.

HOJA ZA WAPINZANI

Husema baadhi ya watu: "Wazee wetu walikunywa maji ya visima hivi hivi, wakaishi miaka themanini." Hujibiwa kwamba walioishi miaka themanini ndio waliopata kusimulia, ama waliokufa wangali wachanga hawana wa kuwasemea, na mama wa zamani akiulizwa alizaa wangapi na akabaki na wangapi, jawabu lake latosha. Tena wazee walifanya waliyoyajua. Lawama hufuata ujuzi na uwezo: asiyejua hafanani na aliyeambiwa akageuza uso.

Na husema wengine: "Sisi ni maskini." Huu ni udhuru kwa asiyeweza, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila iwezalo. Lakini kifuniko cha mtungi chaweza kuwa kipande cha ubao, na kumwaga kifuu kilichoshika maji hakuna bei. Wala haufai udhuru wa umaskini kwa mtu anunuaye tambuu na tumbako kila siku, kisha akakosa bei ya sabuni kwa mwezi mzima.

WAJIBU HUU NI JUU YA NANI?

Hapa ndipo penye dhulma kubwa. Mtoto augua, na lawama yote humwangukia mama: hakuchemsha, hakuosha, hakufunika. Lakini mama ndiye achukuaye ndoo kichwani kutoka mbali, naye hana mfuko wa fedha. Mwanamume ni mchunga katika nyumba yake, naye ataulizwa juu ya aliowachunga. Na mwenye mfuko huulizwa juu ya mfuko.

Katika vitabu vya madhehebu, kama Minhaj ya Imam Nawawi, imeandikwa kwamba miongoni mwa haki za mke juu ya mumewe ni vyombo vya usafi: kitana, na mafuta, na cha kuoshea kichwa. Na imeandikwa vile vile kwamba bei ya dawa na ujira wa tabibu si wajibu juu ya mume. Wako waume washikao neno hili la pili kwa mikono miwili, na la kwanza hawalijui. Kwa la pili, wanavyuoni wengi wa zama hizi wamesema kwamba hukumu hiyo ilifuata desturi ya zama zile, na kwamba matibabu leo yamekuwa haja ya lazima kama chakula, wala si katika kuishi kwa wema mtu kumstarehesha mkewe akiwa mzima na kumrudisha kwao akiugua. Na hata mwenye kushika maneno ya kitabu kama yalivyo, sabuni haikumwepuka. Imo katika andiko lenyewe. Akiinyima nyumba yake sabuni amezuia haki, na haki iliyozuiwa ni deni.

Kwa hiyo baba asitoshwe na kuamrisha. Anunue chandarua na akitundike kwa mkono wake. Anunue kata na kifuniko. Abebe ndoo mbili kabla ya kwenda kazini. Na watoto wamwone yeye wa kwanza kunawa kwa sabuni, kwani mtoto hufuata alionalo kuliko aliambiwalo.

KHATIMA

Yabaki neno moja, nalo ni la kuangaliwa sana. Hukumu iliyotajwa ni ya kabla ya msiba, si ya kupigiwa watu baada yake. Mtoto akisha kufa, si halali kwa jirani kumwendea mama aliyefiwa akamhesabia mitungi. Huenda alifunika, na alichemsha, na mauti yakaja kwa njia asiyoijua. Wengi wamejilinda wakafa, na wengi wamepuuza wakaishi. Hapo ndipo pahali pa neno la kadari, na hapo ni dawa: humpoza aliyefiwa, na humzuia asijile moyo wake kwa "lau ningalifanya". Kabla ya msiba yatakiwa bidii, na baada ya msiba yatakiwa subira. Mwenye kuyageuza, akaleta subira mahali pa bidii, atayakosa yote mawili: hakumlinda mtoto, na subira yake haina uzito, kwani ni subira juu ya jambo alilolifungulia mlango mwenyewe.

Wala baba yule aliyepuuza hakufungiwa mlango wa toba. Toba katika jambo kama hili ni kujuta, na kuacha, na kuazimu kutorejea; na kuacha kwake ni kufunika mtungi ule ule, kwa ajili ya ndugu za marehemu waliobaki. Akifanya hivyo usiku huu huu, amefanya jema, na Mwenyezi Mungu ni mwenye kupokea toba.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu siha ya miili na nyoyo, awahifadhie watoto wao, na awajaalie kuwa wachunga wema juu ya waliokabidhiwa. Amin.